Hiyo Haraka ni ya Nani?

Mwaka juzi shangazi yangu anayeishi Atlanta, jimbo la Georgia, alinitumia picha ya kadi kwenye WhatsApp. Kadi ya njano, mwandiko kama wa mkono, ati ni jirani tu amekaa akaandika: nataka kununua nyumba yako, nalipa keshi, siku saba tu, usirekebishe chochote. Chini kuna namba ya simu na jina moja. Shangazi akauliza, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa intaneti. Hebu niangalilie, hawa watu wapo kweli?"

Nikaangalia dakika kumi hivi, nikiwa kwenye matatu. Kampuni imesajiliwa, ina ofisi, ina picha za watu wanacheka. Nikamjibu, "Wapo, shangazi." Basi. Wiki tatu baadaye nyumba ilikuwa imeenda.

Hakuna aliyemwibia. Pesa iliingia kwa akaunti yake kama walivyokubaliana. Lakini miezi mitano baadaye tuliiona nyumba ile ile mtandaoni, imepakwa rangi, imetiwa jikoni mpya, na bei imepanda kwa zaidi ya dola 90,000. Toa gharama ya rangi, toa jikoni, toa paa. Bado hapo katikati kuna pesa ambayo ingemsomeshea mtoto wake chuo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya hii biashara, na nimegundua nilijibu swali ambalo halikuwa swali. Kampuni ilikuwepo, sawa. Nilichopaswa kuuliza ni: hii haraka ni ya nani?

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Unajua vile nguzo za stima Nairobi zimejaa mabango ya waganga, wa kurudisha mpenzi na wa kushinda kesi? Miji mingi ya Marekani nguzo zimejaa mabango ya "We Buy Houses". Tangazo linalojulikana zaidi ni "We Buy Ugly Houses", yaani tunanunua nyumba mbaya mbaya, la kampuni ya HomeVestors iliyoanzishwa Dallas mwaka 1996. Lakini wanunuzi wako wa kila aina, kuanzia kampuni kubwa mpaka jamaa mmoja na simu yake.

Hesabu yao si siri. Wengi hutumia kanuni ya asilimia 70. Wanakadiria nyumba itauzwa pesa ngapi ikishatengenezwa, wanachukua asilimia 70 ya hiyo, halafu wanatoa gharama ya ukarabati. Tuseme nyumba ikipendeza itauzwa dola 300,000, na ukarabati ni dola 40,000. Asilimia 70 ni 210,000. Toa 40,000. Wewe mwenye nyumba unapewa 170,000. Hiyo tofauti ndiyo bei ya haraka yako.

Na wengine hata hiyo keshi hawana. Anakuja, mnasaini mkataba wa dola 170,000, halafu anazunguka kumtafuta mtu mwingine wa kuununua huo mkataba kwa 185,000. Akimpata, anaondoka na 15,000 bila kuweka hata msumari. Asipompata, anapotea, na wewe umekaa ukingoja. Hapa kwetu tungemwita broka. Huko anajitangaza kama mnunuzi.

Sasa Mgala muue na haki yake mpe. Kuna nyumba ambazo benki haiwezi kuzikopeshea mtu: paa limeanguka, maji yamejaa chini. Kuna mtu ana siku kumi kabla benki ipige nyumba yake mnada. Huyo anahitaji keshi, na anahitaji leo. Haraka yake ni ya kweli, na kuilipia si ujinga. Shida ni pale haraka inapotengenezwa. Na kama kuna mji uliojua kutengeneza haraka, ni Chicago.

Miaka ya 1940 na 1950, maelfu ya Wamarekani weusi walikuwa wakihama kusini, kutoka majimbo kama Mississippi, kwenda kutafuta kazi Chicago. Lakini kupata nyumba ilikuwa noma. Tangu 1934 kulikuwa na shirika la serikali, FHA, lililodhamini mikopo ya nyumba ili Mmarekani wa kawaida aweze kununua. Kwenye ramani za wakati huo, mitaa ya watu weusi ilipakwa rangi nyekundu, na FHA haikudhamini mikopo huko. Benki nazo zikafunga mlango. Kwa hivyo una watu wenye kazi, wenye mshahara, wenye hamu ya kununua, na hakuna wa kuwakopesha.

Hapo ndipo wanunuzi wa haraka waliona pesa.

Walichagua mtaa wa wazungu ulio karibu na mtaa wa weusi, wakaanza kazi. Wangemlipa mwanamke mweusi atembee barabarani akisukuma mtoto kwenye kigari, aonekane tu. Wangepiga simu nyumba za watu na kuuliza jina ambalo wazungu waliliona ni la watu weusi, halafu waseme samahani, namba si hii. Kesho yake mtu mwenye suti anabisha mlango: mtaa unabadilika, bei zitaanguka, mimi nakununulia leo kwa keshi, lakini wiki ijayo sijui. Mwaka 1962 mmoja wao, akitumia jina la kubuni, alieleza mbinu hizi waziwazi kwenye gazeti la Saturday Evening Post.

Hebu tazama huo ujanja. Bei haikuwa imeanguka. Mwenye suti ndiye aliyeiangusha, kwa maneno, mlango baada ya mlango. Ubaguzi wa majirani ulikuwepo tayari, hilo halina ubishi, na yeye aliutumia kama kiberiti. Familia ya kwanza ikiuza kwa hofu, ya pili inaona lori la kuhamisha vitu, nayo inaogopa. Mtaa wa North Lawndale mwaka 1950 ulikuwa na watu weusi karibu asilimia 13. Kufikia 1960 walikuwa asilimia 91. Miaka kumi tu.

Na hiyo ni nusu ya kwanza ya biashara. Nusu ya pili ilikuwa kuwauzia watu weusi nyumba zile zile, kwa bei ya juu, kwa mkataba.

Mkataba wenyewe ulikuwa hivi. Unajua ile simu ya lipa mdogo mdogo, usipolipa inajifunga? Sasa fikiria ni nyumba. Unatoa pesa ya kuanzia, unalipa kila mwezi, unatengeneza kila kinachoharibika, unalipa ushuru. Lakini hati inabaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho. Ukikosa mwezi mmoja anaweza kukufukuza, na yote uliyolipa yameenda. Halafu anaiuza tena kwa familia nyingine.

Clyde Ross alitoka Mississippi, akapigana Vita vya Pili vya Dunia, akaja Chicago. Mwaka 1961 alinunua nyumba North Lawndale kwa dola 27,500. Aliyemuuzia alikuwa ameinunua miezi sita hivi kabla kwa dola 12,000. Ross alifanya kazi zaidi ya moja kulipia ile nyumba. Habari yake ilijulikana dunia nzima mwaka 2014, mwandishi Ta-Nehisi Coates alipoiandika kwenye jarida la The Atlantic.

Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Duke, walipiga hesabu. Walikadiria kwamba kati ya nyumba ambazo watu weusi walinunua Chicago miaka ya 1950 na 1960, asilimia 75 hadi 95 ziliuzwa kwa mikataba ya aina hii, na jamii hiyo ilipoteza kati ya dola bilioni 3 na 4 kwa thamani ya pesa ya leo. Mzungu aliuza kwa hofu, mweusi akanunua kwa kukosa njia nyingine, na aliyekaa katikati akala pande zote mbili. Kufa kufaana, wahenga walisema. Hapa hakuna aliyekuwa amekufa. Walimtangazia mtu msiba ili wamnunulie jeneza.

Lakini hii si hadithi ya watu kulia tu. Mwaka 1968 wanunuzi wa North Lawndale waliunda chama, Contract Buyers League. Walikutana, wakaweka karatasi zao mezani, na kila mmoja akagundua hakuibiwa peke yake. Wakaamua kusimamisha malipo. Polisi walipokuja kutoa vitu vya familia nje, majirani walivibeba wakavirudisha ndani. Mamia ya familia walifanikiwa kubadilishiwa mikataba, ingawa mahakamani hawakushinda. Mwaka huo huo, siku chache baada ya Martin Luther King kuuawa, Marekani ilipitisha Sheria ya Makazi ya Haki. Ndani yake kuna kipengele kinachokataza kumtisha mtu auze nyumba kwa kumwambia watu wa rangi fulani wanahamia.

Kwa hivyo kigari cha mtoto kilipigwa marufuku. Kadi ya njano haikupigwa marufuku.

Najua utasema hizi ni enzi tofauti, na ni kweli. Kampuni ya leo haimtishi mtu na rangi ya jirani. Ila angalia wanamtafuta nani. Orodha za wafiwa, za waliochelewa kulipa ushuru, za waliofungua kesi ya talaka, hizo zote ni rekodi za umma Marekani, na kuna watu wanaziuza kama data. Kadi haikufika kwa shangazi kwa bahati. Mume wake alikuwa amefariki, na alikuwa amechelewa na ushuru wa kaunti. Hofu haikuhitaji kutengenezwa tena. Walichohitaji ni kujua inaishi nyumba gani.

Kampuni kubwa za teknolojia nazo ziliingia. Opendoor ilianza 2014, unaweka anwani, kompyuta inakupa bei. Mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 62 baada ya FTC, shirika la serikali la kulinda wateja, kuituhumu kuwadanganya wauzaji kwamba watapata zaidi kuliko kuuza sokoni. Zillow ilijaribu biashara hiyo hiyo, ikaifunga Novemba 2021, ikisema haikuweza kutabiri bei za nyumba vizuri. Tulia hapo kidogo. Kampuni yenye data ya karibu kila nyumba Marekani ilishindwa kujua bei ya nyumba miezi michache mbele. Lakini mjane mwenye paa linalovuja anapewa siku saba aamue.

Na kuna kitu kingine kilinishtua. Marekani, muuzaji akija mlangoni kwako akakuuzia bidhaa, kama mashine ya kufagia, kuna kanuni inayokupa siku 3 za kubadilisha mawazo. Kanuni hiyo haihusu uuzaji wa nyumba. Mashine ya kufagia unaweza kuirudisha. Nyumba uliyozalia watoto, ukishasaini, kila la heri.

Hapa ndipo nikaanza kuangalia Kenya kwa jicho lingine. Sisi tunalalamika sana kuhusu ucheleweshaji. Ukitaka kuuza shamba lazima upate kibali cha bodi ya ardhi. Tangu sheria ya 2012, huwezi kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzako kukubali. Tunaita usumbufu, na ukweli ni kwamba kuna watu wameugeuza kuwa mahali pa kuomba chai. Lakini wazo lenyewe si baya. Ule ucheleweshaji unampa mama nafasi ya kusikia kwamba shamba linauzwa. Unampa mtoto nafasi ya kupiga simu. Ndiyo maana broka anayekuambia "hiyo tutapanga, wewe weka sahihi tu" unapaswa kumwogopa kuliko yule mwenye bei ya chini.

Mimi na wewe labda hatuna nyumba bado. Keja yenyewe ni ya kulipa kodi. Lakini ndio tunaoulizwa. Mzazi akipata karatasi asiyoielewa, picha inakuja kwa simu yako, na wewe una dakika kumi kwenye matatu. Sikuulizi uwe wakili. Uliza tu mambo matatu. Nyumba za jirani zimeuzwa ngapi mwaka huu? Nani mwingine amepewa nafasi ya kutoa bei? Na tukingoja mwezi mmoja, nani ataumia, sisi au wao? Kama anayeumia ni mnunuzi peke yake, basi haraka ni yake, na aigharamie yeye.

Nilimpigia shangazi nikamwomba msamaha. Alicheka. Akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa nimechoka. Mtu akichoka anauza." Nikamuuliza kama kuna mtu aliyemwambia angeweza kungoja. Akanyamaza kidogo.

"Hapana," akasema. "Hata wewe hukuniambia."