Mizani ya Maafa: Vita Vipi Viliua Zaidi, na Nani Aliyehesabu?

Mwaka 755 makarani wa dola ya Tang nchini China walikuwa wameandikisha watu wapatao milioni 52.9. Mwaka huohuo jenerali An Lushan aliasi, na vita vikaendelea hadi 763. Hesabu ya 764 ilikuta watu milioni 16.9 tu. Ukitoa, unabaki na milioni 36, na kwa kutoa huko baadhi ya waandishi wa siku hizi wamevipa vita hivyo nafasi ya kwanza katika historia ya binadamu, vikilinganishwa na idadi ya watu waliokuwako duniani wakati huo. Steven Pinker alifanya hivyo katika kitabu chake cha 2011 kuhusu kupungua kwa ukatili.

Hesabu ya Watang, hata hivyo, ilikuwa ya kaya zinazolipa kodi. Vita vilipouvunja utawala wa kaskazini, majemadari wa majimbo walijichukulia kodi na hawakuona sababu ya kupeleka daftari mji mkuu. Watu wengi mno walikimbilia kusini, ng'ambo ya mto Yangtze, ambako hakuna aliyewaandika. Kwa hiyo ile milioni 36 imewachanganya waliouawa, waliokufa kwa njaa, waliohama, na wale ambao karani hakukanyaga tena kijijini kwao. Vita vile vilikuwa janga kubwa, hilo halina ubishi. Ila tarakimu hiyo inapima kuanguka kwa ofisi ya kodi sawasawa na inavyopima vifo.

Huko China, kuvurugika kwa maandishi kumewaongeza wafu. Katika sehemu kubwa ya Afrika kumewapunguza, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Orodha ya vita vilivyoua zaidi haifai kusomwa kabla ya kuuliza nani alikuwa na daftari, alimwandika nani na kwa faida ya nani. Tena, njaa iliyoletwa na vita, hasa ile iliyotengenezwa kwa makusudi, lazima ihesabiwe kama risasi inavyohesabiwa.

Kwa idadi tupu, Vita Kuu ya Pili ya Dunia havina mpinzani: makadirio mengi yanakwenda kati ya watu milioni 70 na 85. Umoja wa Kisovyeti peke yake ulipoteza watu karibu milioni 27, China kati ya milioni 15 na 20, na Poland kama milioni 6, nusu yao Wayahudi. Vita vya Taiping nchini China (1850–1864), ambavyo wasomaji wetu wengi hawavijui hata kwa jina, huwekwa kati ya milioni 20 na 30, yaani vinaweza kuvizidi Vita Kuu ya Kwanza.

Lakini hata katika vita vilivyoandikwa kuliko vyote, kanuni za kuhesabu hazifanani kwa kila mtu. Raia wa Leningrad waliokufa kwa njaa mji ulipozingirwa, mamia ya maelfu, wanahesabiwa kuwa wafu wa vita bila mjadala. Wakulima wa Bengal, waliokufa mwaka 1943 na kuendelea na wanaokadiriwa kufika milioni 3, majedwali mengine yanawaingiza na mengine yanawaacha. Ilhali Wajapani walikuwa wameiteka Burma na mchele wa huko ukakatika, na Waingereza, kwa kumhofia adui huyo, walichukua au kuharibu maboti ya wavuvi na wasafirishaji wa pwani na kuondoa akiba za mchele. Sioni msingi wa kisomi unaomruhusu mtu kumhesabu wa Leningrad na kumwacha wa Bengal.

Hapa mwenye shaka atasema kwamba tukiingiza njaa na maradhi, milango haitafungika. Ana hoja, na Kongo ni ushahidi. Shirika la International Rescue Committee lilikadiria kwamba kati ya 1998 na 2007 watu milioni 5.4 walikufa zaidi ya ambavyo wangekufa kama pasingekuwa na vita, wengi kwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo. Wanademografia wawili wa Ubelgiji walipata takriban 200,000 kwa miaka ya 1998 hadi 2004. Pengo hilo la kutisha linatokana kwa sehemu kubwa na swali moja: kabla ya vita, Wakongo walikuwa wakifa kwa kiwango gani? Anayechukua kiwango cha chini hupata wafu wengi wa vita. Anayechukua cha juu hupata wachache. Nchi haikuwa na sensa tangu 1984. Jibu linalofaa ni kutaja makadirio yote pamoja na msingi wa kila moja. Kuwafuta wagonjwa kwa sababu ni vigumu kuwahesabu si jibu.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwaandika mamia ya maelfu ya Waafrika kuwa wapagazi dhidi ya jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck, Afrika Mashariki. Majina ya mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, yametokana na kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps. Vifo vya wapagazi vilivyokubaliwa rasmi vinakaribia 95,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na uchovu. Katika lango la Menin huko Ypres, Ubelgiji, yamechongwa majina zaidi ya 54,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana. Mpagazi hakuchongewa. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Vita vya Maji Maji, dhidi ya utawala wa Wajerumani kusini mwa Tanganyika, kwa kawaida havionekani katika orodha za vita vikubwa. Vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, vikaenea hadi Liwale, Mahenge na Songea. Bunduki za bombomu ziliua wengi, hasa mbele ya boma la Mahenge mwezi Agosti. Ila muuaji mkuu alikuja baadaye. Chini ya gavana Gustav Adolf von Götzen, majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, maghala na mashamba, yakachukua chakula na kuzuia watu wasipande. Njaa iliyofuata ilikuwa silaha waliyoichagua. Kadirio la Wajerumani lilikuwa wafu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, kama theluthi ya wakazi wa eneo la vita. Mahali pa watu pakarudi msitu, wanyama na mbung'o.

Theluthi. Poland, ambayo mateso yake yanajulikana dunia nzima, ilipoteza takriban mtu mmoja kati ya sita. Najua uwiano nao una mtego: ukichora mpaka mdogo vya kutosha, kijiji chochote kilichochomwa kitaonekana kuangamia kwa asilimia mia. Ndiyo maana mpaka uwekwe kabla ya kuhesabu, na ufuate eneo ambalo jeshi liliendesha kampeni yake. Kusini mwa Tanganyika palikuwa uwanja mmoja wa vita chini ya amri moja, kwa hiyo ulinganisho huu unasimama. Na ushahidi haukuishia kwenye mafaili ya wakoloni: mwishoni mwa miaka ya 1960, wanahistoria na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee walioviona vita hivyo au kuzaliwa na waliovipigana.

Wajerumani walijua sana kuhesabu walipotaka. Upande wao waliandika Wazungu 15 na askari Waafrika 389 waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Kwa wafu wa upande wa pili waliona inatosha kukisia kwa maelfu.