Kinu, kopo na masoso: safari ya chakula cha mtoto hadi Keshero

Katika soko la Kituku, pale Keshero, mtaa wa Goma mashariki mwa Kongo, inapogusa Ziwa Kivu, chakula cha mtoto mchanga huuzwa bila jina la kampuni. Ni unga wa rangi ya udongo mwepesi, umefungwa katika vifuko vya plastiki, na ukimuuliza muuzaji atakujibu neno moja tu: masoso. Humo mna mahindi, mtama na soya, vilivyokaangwa na kusagwa pamoja. Panda hadi barabara ya Sake na utaona maduka ya chakula yenye makopo ya Cerelac na maziwa ya unga, yamepangwa juu kabisa, nyuma ya mwenye duka. Vile vichupa vya kioo vyenye karoti au tufaha zilizopondwa, ambavyo mzazi wa Brussels hununua pamoja na mkate wake, ni vya maduka machache makubwa ya mjini.

Kwingineko duniani wazazi hubishana: umpikie mtoto mwenyewe, au umnunulie kilicho tayari? Keshero imelijibu swali hilo kwa namna yake. Jibu lenyewe limechukua zaidi ya miaka mia, na limepitia maabara, vita na mashini za kusaga za mitaani.

Kopo linazaliwa Ulaya

Chakula cha watoto cha kiwandani kilianza kwa wakemia. Mwaka 1865 Mjerumani Justus von Liebig alitangaza mchanganyiko wake wa kuwalisha watoto wasionyonya. Miaka miwili baadaye, huko Vevey, Uswisi, Henri Nestlé akaanza kuuza unga wa ngano na maziwa. Mwaka 1906 Ufaransa ikapata Blédine, unga ulioenea baadaye katika nchi nyingi za Afrika zinazozungumza Kifaransa. Mboga zilizochujwa zilifuata nyuma: kampuni ya Gerber ya Fremont, Michigan, ilizipeleka sokoni mwaka 1928, na kwa masimulizi ya kampuni hiyo, Dorothy Gerber alikuwa amechoka kumchujia binti yake njegere kwa mkono.

Eneo la Kivu wakati huo lilikuwa na utaratibu wake. Mtoto alinyonya miaka miwili au zaidi, na polepole alizoeshwa uji wa mtama au ulezi, ndizi, viazi vitamu na maharagi yaliyopondwa. Kwa wafugaji yalikuwepo pia maziwa ya ng'ombe. Kunyonya kwa muda mrefu kulimlinda mtoto, na kulitenganisha mimba moja na nyingine.

Utaratibu huo haukuwafurahisha wakoloni. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameonyesha jinsi watawala na waajiri katika Kongo ya Wabelgiji walivyoona kwamba mama anayenyonyesha muda mrefu huzaa watoto wachache, nao walihitaji wafanyakazi wengi. Mwaka 1912 ikaundwa ligi ya kuwalinda watoto weusi wa Kongo, na vituo vya kugawia maziwa vikaanza kufunguliwa. Maziwa ya kopo yaliingia Kongo yakiwa na shabaha mbili kwa pamoja: kumnusuru mtoto, na kumharakisha mama azae tena.

Bwaki na wataalamu wa Lwiro

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu, nywele zikibadilika rangi na ngozi ikibanduka. Ulimwengu wa sayansi uliuita kwashiorkor. Akina mama wa Kivu wanaujua kwa jina la bwaki. Mwaka 1950 wataalamu wawili, J. F. Brock na M. Autret, walizunguka Afrika kuuchunguza kwa niaba ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, Kongo ya Wabelgiji ikiwa miongoni mwa nchi walizopita. Ripoti yao ya mwaka 1952 ilisema tatizo ni upungufu wa protini.

Kivu ikageuka mahali pa majaribio. Huko Lwiro, kaskazini ya Bukavu, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 ilikuwa na watafiti waliowapima watoto waliolishwa protini za aina mbalimbali. Matokeo ya De Maeyer na Vanderborght yalichapishwa mwaka 1958. Swali lao lilikuwa lile lile ambalo mama wa Keshero anajiuliza leo bila maabara: pasipo maziwa, ni nini kitamjenga mtoto?

Sehemu ya jibu ilitoka majini. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wadogo wa kuvuliwa kwa wingi katikati yake. Mwaka 1959 Wabelgiji walileta samaki wadogo kutoka Ziwa Tanganyika, wakazaana. Ndio sambaza tunaowajua leo. Sambaza mkavu aliyetwangwa hadi akawa unga huingia kwa kijiko katika uji wa mtoto, na kile ambacho watu wengi hukiona kuwa pishi ya zamani ya pwani ya Kivu hakijafikisha hata miaka sabini.

Imani ya kwamba protini peke yake ndiyo tiba haikudumu. Mwaka 1974 Donald McLaren aliishambulia vikali katika jarida la The Lancet. Wataalamu wakarudi kuangalia sahani nzima: nishati, mafuta, vitamini, na usafi wa maji.

Maji yanapoamua

Mwaka huohuo wa 1974 shirika la Uingereza la War on Want lilitoa kijitabu kilichozishutumu kampuni za maziwa ya watoto kwa namna zilivyouza bidhaa zao katika nchi maskini. Mwaka 1977 mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé ulianza Marekani. Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa hayo: kura 118 ziliunga mkono, moja ikapinga, nayo ilikuwa ya Marekani.

Mkazi wa Keshero hahitaji kusomewa kanuni hizo ndipo aelewe zilikotoka. Maziwa ya unga yanataka maji safi, na Goma imekaa juu ya mawe ya volkano ambako kuchimba kisima ni kazi ngumu. Familia nyingi huchota ziwani kwa bidoni. Maji hayo lazima yachemshwe, kuchemsha kunataka makaa, na makaa yana bei. Kopo likiwa ghali mama huongeza maji ili lifike mwisho wa wiki. Mtoto hushiba maji, kisha huhara. Julai 1994 kipindupindu kiliwaua makumi ya maelfu ya wakimbizi kandokando ya ziwa hilihili.

Mifuko ya msaada

Wakimbizi hao kutoka Rwanda, karibu milioni moja, walifuatwa na malori ya msaada. Kambi ya Mugunga ilikuwa jirani ya Keshero, magharibi tu mwa mtaa. Humo akina mama walipewa unga wa mahindi na soya uliotiwa vitamini, ule ambao UNICEF iliuita UNIMIX.

Kisha mwaka 1996 daktari André Briend na mhandisi Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset, Ufaransa, wakatengeneza Plumpy'Nut, mkorogo wa karanga, maziwa, sukari na mafuta usiohitaji maji wala moto. Mtoto mwenye utapiamlo mkali aliweza sasa kutibiwa nyumbani. Hata hivyo hiyo ni dawa, na mgonjwa akipona huacha dawa. Watoto wenye hali mbaya zaidi bado hulazwa, na katika miaka hii ya vita wodi ya lishe ya hospitali ya Keshero, ambako Madaktari Wasio na Mipaka wamefanya kazi, imepokea wengi kutoka kambi za waliohama makwao.

Je, mkorogo wa tayari unaweza kumkuza mtoto ambaye haumwi kuliko uji? Swali hilo lilipimwa Kivu Kusini. Ghislain Bisimwa na wenzake waliwagawa watoto zaidi ya 1,300 katika makundi mawili: kundi moja lilipewa mkorogo wa soya, mahindi na mtama ulio tayari kuliwa, jingine uji wa UNIMIX, kwa miezi sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuwa wazi: mkorogo haukupunguza udumavu kuliko uji.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Hapo ndipo masoso inapostahili heshima yake. Jina limeunganishwa kutoka majina ya Kifaransa ya viungo vyake, na ng'ambo ya mpaka, Rwanda, mchanganyiko huohuo unaitwa sosoma. Mantiki yake ni ya wale wataalamu wa Lwiro. Mahindi yana upungufu wa lisini, kijenzi kimoja cha protini, na soya inacho kwa wingi. Soya nayo ina kasoro ambayo nafaka huiziba. Vikiwa pamoja, vinamjenga mtoto kuliko kila kimoja peke yake.

Lakini unga huu una masharti. Soya mbichi ina kizuizi kinachomzuia mtoto kumeng'enya protini, kwa hiyo lazima ikaangwe au ichemshwe vizuri kabla ya kusagwa. Nafaka iliyolowa ghalani huota kuvu yenye sumu isiyoonekana kwa macho. Uji mwepesi mno hujaza tumbo dogo bila kulishibisha: mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka katika chakula, 300 afikapo miezi 9, na 550 baada ya mwaka. Mwanya huo huzibwa na kijiko cha mafuta, unga wa sambaza, karanga, ndizi iliyopondwa. Na masoso ya sokoni, tofauti na unga wa kiwandani, kwa kawaida haina vitamini wala chuma cha kuongezwa.

Si kwamba kopo halina dosari. Aprili 2024 shirika la Uswisi la Public Eye lilifichua kwamba Cerelac nyingi za Nestlé zinazouzwa katika nchi maskini huongezwa sukari, wakati bidhaa za namna hiyo za kampuni ileile huko Uswisi hazina.

Barabara ya Sake

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kivu Kaskazini ni zaidi ya nusu. Huu ndio mkoa wenye eneo la Masisi, linaloilisha Goma maziwa, jibini, maharagi na viazi. Chakula kipo umbali wa saa chache, ila njia yake hupita mji wa Sake. Mapema mwaka 2024 vita viliibana barabara hiyo. Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukasimama, na mwenye fedha benki akakosa hata za kununulia kifuko cha unga.

Kwa hiyo anayemshauri mama wa Keshero apike mwenyewe amwambie maharagi yatapita wapi, na anayemsifia kopo amwonyeshe maji ya kulikoroga. Miaka mia ya maziwa ya msaada, maabara na mifuko ya vitamini imeacha kitu kimoja kinachojiendesha chenyewe: mwenye mashini ya kusaga anayechanganya masoso mtaani na kumuuzia jirani yake. Huyo hana kipimo cha sumu ya kuvu, hana vitamini za kuongeza, wala mtu wa kumkagua kama soya yake imekaangwa ikaiva. Vitu hivyo vitatu, pamoja na bomba la maji safi, vingewafaa watoto wa Keshero kuliko msafara mwingine wa makopo.