Frere Town: Uhuru Bila Kiwanja

Ukivuka daraja la Nyali kwa matatu ya Kisauni, kondakta hakawii kuita Kengeleni. Jina hilo lilitokana na kengele ya Frere Town, iliyokuwa ikipigwa kuwatahadharisha wakazi wakati wafanyabiashara wa watumwa walipoonekana wakija. Mnara wake ungali pale kando ya barabara, na mgeni akipelekwa kuutazama husimuliwa habari za ukombozi. Habari za fedha hasimuliwi: utumwa ulipokomeshwa ni nani aliyelipwa, na ni nani aliyebaki akilipa kodi hadi leo.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, miezi michache baada ya Uingereza kumtuma Sir Bartle Frere kumshinikiza. Manowari zikawa zinayakamata majahazi, na watu waliotolewa humo wakahitaji mahali pa kukaa. Chama cha wamisionari cha CMS, kupitia Kasisi W. S. Price, kilinunua ardhi Kisauni mwaka 1875 na kukiita kijiji hicho kwa jina la Frere. Wakaletwa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa. Walitanguliwa na Waafrika wa Bombay, yaani wale waliokombolewa zamani zaidi, wakalelewa karibu na mji wa Nasik huko India, wakarejea wakiwa mafundi na walimu. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa daraja ya ushemasi mwaka 1885. Wakazi walipata nyumba na vishamba vya kulima, lakini ardhi yenyewe ilikuwa mali ya misheni.

Watumwa waliotoroka kwa mabwana zao nao walikimbilia kwenye misheni, hasa Rabai, na mabwana wakataka warudishwe. George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa aliumaliza ugomvi huo kwa kuwalipa mabwana. Siku ya kwanza ya mwaka 1889, watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Ninawaheshimu waliopigania hati zile, kwani mtu aliyeishika hakuweza tena kuuzwa. Hata hivyo, aliyetumikishwa miaka yote ile aliondoka na karatasi, na aliyemtumikisha akaondoka na fedha.

Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilipoufuta utumwa kisheria katika himaya yake ya Afrika Mashariki, mabwana ndio walioruhusiwa kudai fidia, na walioachwa huru hawakutengewa ardhi. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi katika ukanda wa maili kumi wa Sultani. Aliyekuwa na nyaraka au mashahidi wa kusikilizwa aliandikishiwa shamba. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mfalme wa Uingereza. Mtu aliyelima miaka mingi kwa ruhusa ya bwana wake angepeleka ushahidi gani? Wamijikenda wengi pia walijikuta wageni katika mashamba ya babu zao.

Pwani haikuwa peke yake. Watumwa wa mji wa Washington walipoachwa huru Aprili 1862, serikali ya Marekani iliwalipa mabwana hadi dola 300 kwa kila mtu. Mtumwa aliahidiwa dola zisizozidi 100, tena kwa sharti la kuihama nchi. Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la Marekani alitenga mashamba ya pwani ya kusini ya nchi hiyo kwa ajili ya familia zilizoachwa huru, lakini kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameanza kuyarudisha kwa wenyewe wa zamani. Familia hizo zikarudi kulima kwa mafungu katika mashamba ya watu.

Kisauni sheria ya 1908 ilizaa utaratibu wa nyumba bila ardhi. Unakubaliana na mwenye shamba, unajenga kwa fedha zako, kisha unamlipa kodi ya ardhi. Kuta na mabati ni yako, udongo ulio chini yake si wako. Benki haiwezi kuipokea nyumba ya namna hiyo kama dhamana ya kukukopesha mtaji au karo. Shamba likiuzwa, mnunuzi anaweza kukutaka ubomoe. Ndiyo maana wazazi wengi huku husita kujenga kwa mawe hata wanapopata uwezo, na mtu wa nje akaiona hali hiyo kuwa uvivu. Mimi naiona kuwa hesabu sahihi ya mtu anayejua anaweza kuhamishwa.

Ng'ambo ya pili, Likoni, serikali iliamua kulinunua shamba la Waitiki, lenye ekari zaidi ya 900, kwa ajili ya maelfu ya watu waliokuwa wakiishi humo kama maskwota. Bei iliyokubaliwa ilikuwa takriban Sh1.1 bilioni. Rais Uhuru Kenyatta alianza kugawa hatimiliki Januari 2016, na watu walishangilia kwa haki. Kisha wakaelezwa masharti: kila mwenye kiwanja airudishie serikali Sh182,000, kidogo kidogo kwa miaka 12. Kibarua wa Likoni akaanza kupiga hesabu ya deni la kiwanja ambacho tayari alikuwa amekijenga.