Walioupima Moyo Magharibi mwa Ziwa

Kwa karibu karne nzima, watafiti wa tiba waliofika Bukoba walifuata vijidudu. Mwishoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa tauni ya Kiziba, ambayo Robert Koch alithibitisha kuwa ni tauni kweli. Ikafuata malale. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waliripotiwa kutoka Hospitali ya Ndolage, kwenye vilima vya Kamachumu wilayani Muleba. Moyo haukupata zamu.

Majirani ndio walioanza kuuliza habari zake. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini huko Kenya, ng'ambo ya Ziwa Victoria, alichapisha vipimo vyake katika jarida la The Lancet. Kazi yenyewe ilitaka subira: mkanda unafungwa mkononi, unajazwa upepo, zebaki inapanda kwenye kioo, kisha upepo unaachiwa kidogo kidogo huku daktari ametega sikio kwenye mshipa wa kiwiko. Katika miaka kama miwili, miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakukuta hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Na kwa watu wazima aliowapima, baada ya umri wa miaka 40 presha ilielekea kushuka, ilhali Ulaya ilikuwa ikipanda.

Hospitali ya Mulago, Kampala, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1948 J. N. P. Davies alieleza ugonjwa unaojenga kovu kwenye utando wa ndani wa moyo, ambao chanzo chake hakijaeleweka vizuri hadi leo. Lakini mishipa ya moyo kuziba, ugonjwa uliokuwa ukiwaua wanaume wengi Uingereza na Marekani, ilikuwa nadra mno kwa Waafrika wa Uganda, kiasi kwamba mwaka 1956 Hugh Trowell na mwenzake Singh waliandika makala kuhusu mgonjwa mmoja tu. Alikuwa jaji, mtu mnene, aliyeishi miaka mingi kwa mlo wa Kizungu.

Jaji huyo ana uzito mkubwa katika historia hii. Wapo waliodhani kwamba Mwafrika amezaliwa na kinga. Yeye mmoja alitosha kuitia shaka dhana hiyo. Miaka mitatu baadaye A. G. Shaper na K. W. Jones walilinganisha Waafrika na Waasia wa Uganda. Waasia walikuwa wakifa sana kwa maradhi hayo, na lehemu (kolesteroli) katika damu yao ilipanda kadiri umri ulivyosogea. Ya Waafrika, waliokula matoke zaidi, ilibaki chini. Nchi ni ile ile na jua ni lile lile. Chungu cha jikoni kilitofautiana. Baadaye Shaper alihamia Uingereza na kuongoza utafiti wa moyo kwa wanaume 7,735 katika miji 24, ulioanza mwaka 1978.

Mhaya, mwenyeji wa Bukoba, naye ni mtu wa ndizi. Zinamenywa, zinapangwa chunguni pamoja na maharage, zinafunikwa kwa majani ya mgomba na kupikwa. Mafuta hayakuwa lazima. Chumvi ya zamani katika nchi za maziwa makuu ilibebwa kutoka mbali, kama Katwe na Kibiro, wala haikumwagwa ovyo. Ni rahisi basi kuchukua majibu ya Kampala na kuyapachika Bukoba. Lakini kufanana kwa chungu hakutoshi kuwa kipimo: Kagera, mkoa wa Bukoba na Muleba, ilistahili kupimwa yenyewe.

Ilipopimwa hatimaye, ilikuwa kwa sababu ya Ukimwi, si moyo. Mwaka 1987 Japhet Killewo na wenzake walichukua sampuli za watu mkoani kote, wakakuta maambukizi kwa watu wazima ya asilimia 24 hivi Bukoba mjini, na chini ya asilimia 1 katika maeneo ya kusini. Mkoa mmoja, tofauti kubwa namna hiyo! Ni njia ile ile ya Kampala: linganisha jamii zinazoishi karibu, kisha uliza wanaishije.

Wakati huohuo Donald McLarty na Andrew Swai wa Muhimbili walikuwa wakipima kisukari na vihatarishi vya moyo katika vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Mwaka 1993 waliripoti kwamba vihatarishi hivyo bado vilikuwa vichache vijijini. Hali haikubaki hivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Nayo migomba ya Kagera, baada ya ugonjwa wa mnyauko kuonekana Muleba mwaka 2006, ilipukutika, na kaya nyingi zikageukia mihogo na mahindi.

Muleba ina vilima vya vibanja, yaani mashamba ya migomba, na ina visiwa vya wavuvi kama Bumbire, Ikuza na Goziba, ambako mlo, kazi na usingizi hufuata samaki. Shaper alihitaji jamii mbili tu katika nchi moja. Hapa zimo katika wilaya moja, na zahanati yenye mashine ya presha na daftari lililotunzwa vizuri inaweza kuanza kuzilinganisha.