Programu za bure na wageni wao: kutoka kompyuta za mjini hadi unite za Kasomeno

Kila dereva wa barabara ya Lubumbashi anaijua njia panda ya Kasomeno. Hapo barabara inagawanyika: moja inakwenda Kasenga, kwenye mto Luapula, nyingine inaendelea kuelekea Pweto. Ni njia waliyopita watu wengi waliokimbia vita upande wa kaskazini. Wengine hawakuishia upande huu. Mwaka wa 2017 maelfu walivuka mpaka kuingia Zambia, na tangu 2018 wengi wao wamekaa katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilaya ya Nchelenge. Kwa jamaa zilizogawanyika hivyo, simu ndiyo barua, ndiyo safari, ndiyo njia ya kujua kama mama mzee bado ni mzima.

Kwa hiyo mtu akiweka unite za franka 1000 jioni, akaamka asubuhi akakuta hakuna kitu, hilo si jambo dogo. Ni mazungumzo na Mantapala yaliyokatika kabla ya kuanza. Anayelaumiwa kwanza ni kampuni ya mtandao. Wa pili ni serikali. Wa tatu ni mtoto aliyechezea simu. Mara chache sana mtu analaumu ile programu ya kupakua video aliyopewa na rafiki bure, simu kwa simu, pasipo kutumia hata mega moja. Lakini programu kama hizo zina historia yao, na historia hiyo imepita miaka arobaini.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri. Mwaka wa 1982, huko Marekani, Andrew Fluegelman alitengeneza programu ya PC-Talk, ya kuunganisha kompyuta kwa njia ya simu. Hakuipeleka dukani. Aliwaambia watu wainakili, wawape rafiki zao, na anayeridhika nayo amtumie dola 25. Mwaka huohuo Jim Knopf alifanya vilevile na PC-File yake. Mkataba ulikuwa wazi: ukipenda unalipa, usipopenda hulipi, na ndani ya diski kuna kile tu ulichoambiwa kwamba kimo. Watu walilipa kweli, na kwa wingi uliowashangaza wenyewe.

Intaneti ilipoenea, mpango ule uliharibika. Watu wengi walipakua, wachache walilipa, na wenye programu wakatafuta mtu mwingine wa kuwalipa. Wakampata mwenye matangazo ya biashara. Mwaka wa 2000 fundi mmoja wa California, Steve Gibson, aligundua ndani ya kompyuta yake programu ya kampuni Aureate ambayo hakumbuki kuikaribisha. Ilikuwa imeingia nyuma ya programu nyingine ya bure, ikakaa kimya, ikitumia intaneti yake kuleta matangazo. Ubaya mkubwa ulikuwa huu: ukimfukuza mwenyeji, mgeni anabaki. Gibson akatengeneza kifaa cha kumwondoa, naye akakitoa bure, lakini bila mgeni ndani.

Kisha ikaja Kazaa. Ilianza mwaka wa 2001, na kwa miaka michache vijana wa dunia nzima waliitumia kubadilishana nyimbo. Ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 200. Nyimbo zilikuwa bure, Kazaa yenyewe ilikuwa bure, lakini iliingia pamoja na kundi la programu za matangazo. Aprili 2002 yakajulikana makubwa zaidi: kampuni Brilliant Digital Entertainment ilikuwa imeweka humo programu iliyolala, ambayo ingeweza kuamshwa baadaye ili itumie nguvu za kompyuta za watu, nafasi zao za kuhifadhi vitu na intaneti yao kwa biashara. Je, watu walikuwa wameruhusu? Kwa maandishi, ndiyo. Ruhusa ilikuwa ndani ya masharti ya matumizi, yale marefu ambayo hakuna anayeyasoma.

Neno hilo, ruhusa, ndilo limekuwa mlango wa udanganyifu wote huu. Gator ilikuwa programu ya bure ya kukumbuka maneno ya siri, na mwenye nayo alijikuta anaonyeshwa matangazo yaliyofunika kurasa za watu wengine. Mwaka wa 2002 magazeti makubwa ya Marekani yaliishtaki. Mwaka uliofuata kesi iliisha kwa mapatano, na Gator ikajibadilisha jina ikawa Claria. Wakati huohuo ilikuwa inawafuata kwa wanasheria wale walioiita programu ya upelelezi. Mwizi wa kuku hukasirika sana akiitwa mwizi mbele za watu. Zango nayo, ambayo kwa hesabu ya serikali ya Marekani iliwekwa kwenye kompyuta zaidi ya mara milioni 70, ilikubali mwaka wa 2006 kulipa dola milioni 3, kwa sababu iliingia pasipo taarifa ya kweli na kuiondoa kulikuwa kazi ngumu.

Hapo mtu angedhani mchezo umekwisha. Haukuisha, ulivaa suti. Kampuni zenye jina zuri zikaingia.

Waliowahi kuweka programu kwenye kompyuta za Lubumbashi wanakumbuka dirisha lile la Kifaransa: «Suivant», «Suivant», «Accepter», «Terminer». Katikati ya madirisha hayo kulikuwa na kisanduku kidogo kilichokwisha kutiwa alama na mtu mwingine. Anayekwenda haraka alikuwa amekubali pasipo kujua. Palikuwa na njia mbili, «recommandée» na «personnalisée». Mtu mwenye busara alichagua ile ya kwanza, kwa sababu anayependekeza anajua zaidi. Kumbe ile ya pili ndiyo iliyoonyesha wageni waliojificha. Baada ya hapo kivinjari kilifungua ukurasa mgeni, juu kukawa na mstari wa vitufe visivyoombwa, na mashine ikawa nzito kama gari lililobeba makaa kupita kiasi.

Java ndiyo mfano unaouma zaidi. Ni programu iliyohitajika kwa kazi nyingi za ofisi na shule, na mafundi waliwashauri watu waifanyie marekebisho kila mara kwa ajili ya usalama. Waliotii ushauri huo walipewa pamoja na marekebisho mstari wa vitufe wa kampuni Ask. Januari 2013 mwandishi Ed Bott alionyesha kwamba Ask ilisubiri dakika 10 kabla ya kujiweka, hata mtu aliyeshtuka na kwenda kuitafuta mara moja asiione. Mwaka wa 2015 Oracle, wenye Java, waliachana na Ask, wakafanya mapatano na Yahoo.

Ghala za programu nazo hazikupona. Mwaka wa 2011 Download.com ilianza kuzifunga programu za watu wengine ndani ya karatasi yake yenye matangazo. Gordon Lyon, mwenye Nmap, alipoona kazi yake imefungwa hivyo alipiga kelele Desemba ya mwaka huo. SourceForge, ghala lililoheshimiwa na wale wanaotoa programu zao wazi kwa wote, lilianza mpango kama huo mwaka wa 2013. Waliotengeneza GIMP, ya kurekebisha picha, waliondoka kwa hasira, lakini mwaka wa 2015 ghala lilionekana linatoa GIMP kwa jina lao, ikiwa imefungiwa matangazo. Mwaka wa 2016 ghala liliuzwa, na wenye mali wapya wakaufuta mpango huo.

Wapo waliokataa. VLC, ambayo karibu kila kompyuta ya Lubumbashi inaitumia kuonyesha filamu, ilianzia kwa wanafunzi wa École Centrale huko Paris. Wenye kuitunza wamekuwa wakipewa ahadi za fedha ili waweke mgeni ndani yake. Mpaka leo hawajaweka, nayo ni bure kweli.

Kwa nini kampuni zilijisumbua hivyo? Utafiti wa Google pamoja na Chuo Kikuu cha New York, uliotolewa mwaka wa 2016, ulifungua daftari la biashara hiyo. Mwenye programu ya bure alilipwa kwa kila kompyuta ambamo mgeni amefanikiwa kuingia. Kompyuta ya Marekani ilifika dola 1.50. Katika nchi zingine bei ilishuka mpaka senti chache. Kichwa cha mtu kilikuwa na bei, na bei ilifuata mfuko wake. Mtu wa Kasomeno, ambaye hana kadi ya benki na hanunui vitu kwenye intaneti, hakuwa na thamani kubwa kwa mwenye matangazo. Kwa miaka mingi umaskini ulikuwa kama kinga.

Kinga hiyo ilivunjika simu ilipokuja, kwa sababu simu ina mfuko ndani yake: unite. Si lazima uwe na benki. Huduma za michezo, za nyimbo, za ujumbe wa kila siku zinaweza kukata unite moja kwa moja baada ya mtu kubonyeza «ndiyo». Na programu iliyojificha ndani ya simu inaweza kubonyeza «ndiyo» badala ya mwenyewe, usiku, kioo kikiwa kimezimwa. Mgeni wa zamani alitaka macho yako yatazame tangazo. Huyu wa sasa hakuhitaji hata kuwa macho.

Mei 2019 kampuni ya usalama Upstream ilitoa taarifa kuhusu Vidmate, programu ya bure ya kupakua video inayopendwa sana na vijana. Ilisema imezuia malipo ya kutiliwa shaka zaidi ya milioni 128, yaliyotoka katika simu milioni 4.8 za nchi 15. Wenye Vidmate walikana kosa. Agosti 2020 Upstream ikarudi na habari nyingine, safari hii juu ya simu ya bei ndogo, Tecno W2: ndani yake zilikutwa Triada na xHelper, zikiwaandikisha watu kwenye huduma za kulipia pasipo wao kujua. Ilihesabu malipo milioni 19.2 ya kutiliwa shaka kutoka simu zaidi ya 200 000, nyingi zikiwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Kampuni Transsion, inayotengeneza Tecno, ilisema Triada iliingizwa na mmoja wa waliowaletea vipande vya kazi, na kwamba ilikwisha kutoa marekebisho. Inawezekana kabisa. Lakini mnunuzi alikuwa amelipa, akafungua kiboksi kipya, na mgeni alikuwa amekwisha kukaa.

Mwezi mmoja baadaye, Septemba 2020, serikali ya Congo ilianzisha RAM, daftari la simu za mkononi. Dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, zikikatwa kidogo kidogo kwenye unite. Watu walikasirika mpaka kodi hiyo ikafutwa mwanzoni mwa 2022. Walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini RAM iliacha mazoea fulani: kwa mwaka mmoja na nusu kila unite iliyopotea ilikuwa na mshtakiwa tayari, na hakuna aliyefungua simu yake kutafuta mwingine. RAM imekwisha, na malalamiko ya unite kuliwa hayajakwisha.

Njia ya wageni hao nayo imebadilika. Mega ni ghali, kwa hiyo programu zinasafiri kwa mkono, kwa kadi memori, kwa Xender, kutoka simu ya dereva hadi ya muuza samaki. Zinazotafutwa sana ni zile WhatsApp za kubadilishwa, zenye rangi na uwezo wa kuficha kwamba umesoma ujumbe. Agosti 2021 wataalamu wa Kaspersky walikuta Triada ndani ya FMWhatsApp. Oktoba 2022 wakaikuta ndani ya YoWhatsApp, na hii ilikuwa inatangazwa ndani ya Snaptube, na kupatikana katika duka la ndani la Vidmate. Programu ya bure inamleta ndugu yake, naye anafika na mizigo. YoWhatsApp iliyoambukizwa iliweza pia kuiba funguo za kuingilia WhatsApp ya mtu, na mwenye funguo hizo anaweza kuwaandikia jamaa wa Mantapala kwa jina la ndugu yao, akiomba fedha.

Tangu Machi 2023 Congo ina Code du numérique, sheria inayodai ruhusa ya kweli kabla ya kugusa habari za mtu. Sheria hiyo bado haijaonekana kwenye meza ya muuza simu.

Hapo mezani, mtu anayenunua simu iliyotumika huambiwa: fanya «formatage», itakuwa safi. Kwa xHelper hilo ni uongo. Mwaka wa 2019 na 2020 wataalamu waliiona ikirudi hata baada ya simu kufutwa yote. Kipimo cha bei ndogo kipo. Ni kuweka unite kidogo jioni, kusoma kiasi kilichobaki, kuacha mega zikiwa zimewashwa usiku kucha pasipo kugusa simu, halafu kusoma tena kiasi hicho asubuhi, kabla ya kumlipa muuzaji fedha iliyobaki.