Maombi kwa Wakristo wanaoteswa

Kila Novemba, makanisa mengi duniani hutenga Jumapili moja kuwaombea Wakristo wanaoteswa kwa sababu ya imani yao. Desturi hiyo ilianza mwaka wa 1996.

Jambo linaloombwa kwanza si usalama. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwasihi Waefeso wamwombee ujasiri wa kuihubiri Injili. Naye Yesu aliagiza hata watesi waombewe.

Nchini Kenya, agizo hilo ni zito. Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakiwalenga Wakristo. Desemba mwaka huo, basi liliposhambuliwa katika Kaunti ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Majirani kama hao nao wastahili kuombewa.