Riziki ya Mwalimu na Mtoto wa Maskini

Tunapomwona mwalimu akitoka darasani na vumbi la chaki mikononi, ni mara chache tunajiuliza: huyu anakula nini? Swali hilo ni la zamani sana.

Mwaka 301 Kaisari Diocletian wa Roma aliweka kipimo cha bei na cha mishahara. Mwalimu wa kusoma na kuandika asipokee zaidi ya dinari 50 kwa mwezi kwa kila mtoto. Mwalimu wa sarufi, dinari 200. Mwaka 333 Kaisari Konstantino akawaheshimu walimu wa elimu ya juu: wao, wake zao na watoto wao wasitwishwe kazi za Serikali, wala wasilazimishwe kuwapokea wageni wa Serikali nyumbani mwao. Lakini wale waliofundisha watoto herufi za kwanza, sheria ya Roma haikuwapa ruhusa hiyo. Liwali aliagizwa tu asiwatwishe mzigo kupita nguvu zao. Basi waliishi kwa feza ya wazazi. Na asiye na feza, mtoto wake alikaa bila kusoma.

Eklezia ililiona jambo hilo. Mwaka 1179, Papa Alexander III pamoja na maaskofu katika Mtaguso wa tatu wa Laterano waliagiza hivi: kila kanisa kuu la jimbo limpe mwalimu riziki ya kumtosha, naye awafundishe wakleri wake na wanafunzi maskini bila malipo. Tena mtu asidai feza kwa kutoa ruhusa ya kufundisha. Lakini kuagiza si kutenda. Mwaka 1215 Mtaguso wa nne ulikiri kwamba makanisa mengi hayakutii, ukaagiza tena.

Sisi wa Kongo tunayajua hayo. Tangu miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu vema, wazazi ndio waliowalisha, hata katika shule zetu za Kikatoliki. Na watoto wengi walirudishwa nyumbani kwa kukosa feza. Katiba ya mwaka 2006 iliandika kwamba masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya bure; lakini ni mwaka 2019 tu neno hilo lilipoanza kutimizwa nchini pote.

Basi tusiseme kwamba mwalimu adaiye mshahara wake anajitafutia makuu. Asipolipwa yeye, anayefukuzwa mlangoni ni mtoto wa maskini.